Chungu cha Shangazi Ghanima

Ibra, Ijumaa, 15 Novemba 2024

Mwanangu Arwa,

Assalaam alaykum. Marahaba, maana najua shikamoo umeshaitoa kabla hujafungua bahasha. Hujambo wewe? Kazi haijambo? Bado unakunywa ile chai ya kuchovya kifuko, au umepata akili? Mimi mzima, alhamdulillah, ila masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Juzi Mohannad kanipigia simu kutoka Maskati, namwona mdomo unakwenda tu kwenye kioo, mimi namjibu "zaina, zaina," yaani njema tu. Kumbe ananipa habari ya msiba wa jirani yake! Toka siku hiyo nimeapa, simu sitaki tena, hata ya mwanangu wa kumzaa. Nitaandika. Jumana anakwenda huko kwenu Nizwa kufundisha, kila Alhamisi yuko nyumbani na kila Jumamosi anarudi, amekubali kutuchukulia barua zetu. Mpe heshima yake.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Kuku wananiishia.

Si kuku hawa wa kizungu. Kuku wangu, kuchi wa Tabora, wale wenye shingo ndefu waliokukimbiza ulipokuwa na miaka sita ukapanda juu ya gari ya ami yako ukakataa kushuka. Unajua walivyofika hapa. Khelef, ami yako, alikuja nao mwaka sabini na tisa wakiwa mayai kumi na mawili ndani ya kopo la pumba, kalipakata mapajani safari nzima ya ndege kama mtoto mgonjwa, hakula, hakunywa. Yakaanguliwa matano, chini ya kuku wa kuazima. Miaka arobaini na mitano mbegu ile haijakatika. Leo inakatika mikononi mwangu.

Tangu ami yako atutoke Januari, kila mwezi afadhali ya uliopita. Mayai ganda lao jepesi, nikilishika tu linabonyea. Koo akiatamia, yanapasuka chini yake, anaamka tumbo limerowa. Kinyesi maji maji, kinanata. Walikuwa ishirini na watatu. Sasa nina jogoo mmoja na makoo tisa, na hao makoo si wasichana tena. Tangu Ramadhani sijaona kifaranga.

Na chakula ni kile kile! Kunde zetu wenyewe, tunazopanda chini ya mitende kwa zamu yetu ya maji ya mfereji wa falaji, na mbaazi nikizipata. Nachemsha, naponda, natia pumba. Ndivyo alivyofanya mama yangu Tabora. Ibra nzima wanajua chungu changu.

Mohannad anasema, "Mama, kinachokuweka Ibra ni kuku tu." Nikamwambia ndiyo, ni kuku tu. Akasema basi, kama mpaka joto linaingia hapajatoka kifaranga hata mmoja, waliobaki atawapeleka soko la Sinaw, nyumba itafungwa, na mimi nitakwenda kukaa naye ghorofa ya sita. Na mimi kwa kiburi changu nikakubali, tukapeana mkono. Sasa nimeingia baridi.

Wewe umekaa chuo kikuu miaka minne unasomea tumbo la kuku. Haya, mwanangu. Tumbo la kuku hili hapa.

Shangazi yako,
Ghanima


Nizwa, Jumatano, 20 Novemba 2024

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa sababu ya ile uliyonitangulia. Mimi mzima. Chai ya kifuko bado nakunywa, nisamehe. Ustadha Jumana kanipa barua yako mlangoni pa shule, nikaisoma ndani ya gari, na wallahi nililia kidogo, halafu nikacheka nilipofika kwenye gari ya Ami Khelef. Hawakunikimbiza kuku, Shangazi. Alinikimbiza kuku mmoja. Lakini alikuwa mrefu kuliko mimi.

Unajua kiangazi cha Ibra ndicho utoto wangu wote? Nikisikia harufu ya kunde zinachemka, popote nilipo, nakuwa na miaka saba, nimekaa kwenye kizingiti chako, na Ami anapita na chungu mkononi anasema, "Nani anakuja kuwalisha wakubwa?"

Sasa tuje kwenye tumbo la kuku. Nadhani najua. Kunde na mbaazi zina madini yanayojenga ganda la yai na mfupa, lakini yamefungiwa ndani, na kuku hana ufunguo wake. Tena zina sukari fulani ambayo tumbo la kuku haliwezi kuivunja, ndiyo kinyesi kinakuwa maji na kunata. Kuna vitu vinaitwa vimeng'enya, kazi yake ni hiyo tu, kuvunja na kufungua. Hapa kwenye mazraa yetu ya kuku ndiyo kazi niliyopewa mwaka huu: tunajaribu kulisha kuku kunde badala ya soya ya kuletwa na meli, na tunatia vimeng'enya ili kunde ile iwafae. Inafanya kazi, nimeona kwa macho yangu.

Lakini kuna jambo silielewi. Kama ni kunde, mbona miaka arobaini na mitano walikuwa wazima? Nijibu haya: Makombe ya kusaga wanapata? Kuna ugonjwa wowote umepita? Na Ami Khelef alikuwa anawapa nini zaidi ya chungu chako?

Mwanao,
Arwa


Ibra, Jumamosi, 23 Novemba 2024

Arwa binti yangu,

Salamu nyingi. Mafua yaliniingia yakatoka. Jumana ananisubiri na gari inanguruma (najua inanguruma kwa sababu dirisha linatetemeka), kwa hiyo nakujibu haraka.

Makombe wanapata. Ananiletea muuza samaki wa Sur, natwanga mwenyewe. Ugonjwa hakuna, daktari wa mifugo kaja kawapapasa kasema ni wazima, wamekonda tu. Kama kukonda ni uzima, basi.

Khelef alikuwa anawapa nini? Khelef alikuwa anawapa porojo! Hukumbuki? Akisha kuswali alfajiri anachukua chungu changu jikoni, anakwenda nacho bandani, haonekani saa nzima. Anakaa kwenye kigoda chake anazungumza na kuku. Chai inapoa, naita, "Khelef! Khelef!" mara tatu, nne, ndiyo anakuja, kanzu imejaa pumba, anacheka. Na kila Alhamisi lazima aende Sinaw. Eti sokoni. Anarudi na kifuko cha mtama kisichojaza hata sahani na hadithi ndefu ya ngamia wa Mabedui. Nilikuwa nikimwambia, "Kuku wanashibishwa na chungu changu, wewe unawapa maneno." Miaka arobaini na minane ya ndoa, sikupata kumwona mwanamume anayependa kukaa kama yule.

Mungu amrehemu. Sasa hakuna anayepoza chai yangu. Naimwaga nusu kila siku kwa sababu bado napika ya wawili.

Lete hivyo vimeng'enya vyako. Jina lenyewe gumu kama mfupa kooni.

Shangazi yako,
Ghanima


Nizwa, Jumatano, 27 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mafua hayakurudi. Ndani ya mfuko huu kuna kopo la unga mweupe. Ndivyo vimeng'enya hivyo. Kila siku, kijiko kimoja cha chai kwenye chungu kizima, changanya vizuri na chakula chao, wale. Usizidishe. Kopo lenyewe weka mahali pakavu, mbali na jua.

Baada ya wiki tatu au nne utaona kinyesi kimekauka na ganda limekuwa gumu. Inshallah kabla ya joto utakuwa na vifaranga, na Mohannad atakaa peke yake kwenye ghorofa yake ya sita.

Nimeacha kazi zangu zote mezani nikuandikie haya, kwa hiyo uyafuate.

Mwanao,
Arwa


Ibra, Jumamosi, 4 Januari 2025

Arwa,

Salaam. Natumai u mzima. Mimi nashukuru.

Wiki tano, kijiko kimoja, kila siku, sikuruka hata moja. Nimechanganya mpaka mkono ukauma. Kinyesi ni kile kile, maji tu. Makoo wawili wamekufa, mmoja yule mwenye madoa aliyekuwa anamfuata ami yako mpaka mlango wa msikiti. Nilimkuta asubuhi kalala ubavu chini ya kigoda. Wamebaki saba. Jana nimeokota mayai manne, yote yamebonyea kama mpira usio na pumzi.

Mimi sikulaumu. Najua umefanya kwa mapenzi. Lakini nilikuwa nimetia tumaini langu lote ndani ya kopo lile, mwanangu, na kopo ni chaki tupu. Mohannad kaja wiki iliyopita kupima kabati langu kwa utepe, aone kama litaingia kwenye lifti.

Shangazi yako


Nizwa, Jumatano, 8 Januari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimesikitika sana, hasa huyo mwenye madoa.

Ila si chaki, Shangazi. Kuku elfu mbili hapa wanakula unga ule ule na ganda lao nikiligonga kwa ukucha linalia. Sijui kwako umekwama wapi. Labda ni umri. Labda mbegu yenyewe imechoka, miaka yote hiyo wanaoana ndugu kwa ndugu.

Nitasema neno na usinikasirikie. Labda Mohannad hana makosa. Upo peke yako, husikii hata mlango ukigongwa. Sisi wote tuna wasiwasi. Kuku wakienda Sinaw watapata mwenyewe mwingine, na wewe utakuwa na wajukuu karibu. Ami Khelef mwenyewe asingetaka uteseke kwa ajili ya kuku.

Nakupenda.

Mwanao,
Arwa


Nizwa, Jumatano, 29 Januari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tatu sasa namngoja Ustadha Jumana mlangoni pa shule kila Jumapili, na kila Jumapili ananionyesha mikono mitupu. Kaniambia ulimwambia, "Sina barua ya kubeba." Wallahi maneno hayo yameniingia. Kukutajia nia ya Ami Khelef, mimi, wewe uliyekaa naye miaka arobaini na minane! Sikuwa na haki hiyo. Nisamehe.

Lakini leo naandika kwa jambo jingine, na nakuomba usiichane barua hii kabla hujafika mwisho.

Jumapili hii nilimuuliza Jumana, hivi Shangazi anafanyaje anapowapikia? Akasema, "Anapika kama anawapikia wageni. Kunde zinatokota, anatia ule unga wako kama anatia bizari, anafunika, anaacha moto uendelee."

Shangazi, nilikaa chini pale pale kwenye ngazi za shule.

Umeupika! Vimeng'enya vikipata moto vinakufa. Vinakuwa chaki, ulisema kweli, ulikuwa unawalisha chaki. Na kosa si lako, ni langu mimi. Hapa kazini mashine inayokandamiza chakula kuwa punje ina moto mkali, kwa hiyo vimeng'enya tunavinyunyiza mwisho kabisa, chakula kikishapoa. Kila siku naandika joto la chakula kwenye daftari. Kila siku! Halafu nikaja nikakuandikia wewe "changanya na chakula chao," wewe ambaye chakula chako maisha yako yote kinachanganywa kikiwa jikoni. Makoo wawili wamekufa kwa kalamu yangu.

Na kuna la pili. Jana nilikuwa napima joto la chakula kwa kidole, kwa sababu kipimo kilikuwa kimekwisha betri. Nimetia kidole, nikajikuta nahesabu. Moja, mbili, tatu. Nikashtuka, mbona nahesabu? Nani kanifundisha?

Ami Khelef. Bandani. Alikuwa ananiambia, "Tia kidole kwenye chungu, hesabu mpaka ishirini, usikitoe." Nikikitoa kabla, anasema, "Bado, tungoje." Nikifika ishirini anafungua kopo, anatia unga, si mweupe, wa rangi ya udongo. Anakoroga kwa mwiko, anafunika chungu kwa gunia. Ndipo anakaa kwenye kigoda na kuanza hadithi. Mimi nilidhani ule ni mchezo wetu, na hadithi ndiyo zawadi. Shangazi, alikuwa anangoja. Ile saa nzima uliyokuwa unamwita aje kunywa chai alikuwa anangoja unga ufanye kazi.

Ni unga gani ule? Nenda bandani ukatafute. Tafadhali.

Mwanao, anayekutia kichefuchefu kwa kuomba radhi,
Arwa


Ibra, Jumamosi, 8 Februari 2025

Arwa mwanangu, kipenzi cha ami yake,

Wa alayki salaam. Marahaba, marahaba. Niko salama, macho tu yamevimba.

Kwanza nikwambie, nilikasirika. Barua yako ya kwanza ya Januari niliitia ndani ya lile bakuli kubwa la biriani nisilolitumia, nikaifunika. Nilisema huyu niliyemlisha na kumwogesha naye kaungana nao. Yamekwisha. Nimekusamehe, na siku ukija utaosha bakuli hilo.

Nilisoma barua yako ya pili nimesimama jikoni. Nikaacha mwiko. Nilikwenda bandani sikuvaa hata viatu. Nimepekua kila pembe, chini ya viota, nyuma ya madebe. Hakuna. Nikakaa kwenye kigoda chake, hasira zimenipanda, nikainua macho, na hapo juu ya mlango, ambapo mimi kwa kuingia na kutoka nisingepaona kamwe ila nikiwa nimekaa kama alivyokaa yeye, kuna kopo la maziwa ya unga. Amelifunga kwa nailoni na mpira. Ndani umebaki unga wa kiganja kimoja.

Sikuhitaji daktari. Nilinusa tu.

Arwa, ni kimea. Hukijui wewe, ngoja nikufundishe. Unachukua mtama, unauloweka siku moja, unautandaza kwenye gunia lililorowa, unaufunika. Siku ya tatu unachipua vimkia vyeupe. Unauanika, unausaga. Mama yangu Tabora alitia kimea kwenye uji ili upate kuwa togwa. Uji mzito kama ugali, ukiutia kimea baada ya muda unakuwa mwepesi, mtamu, bila chembe ya sukari. Nami nilikuwa mtoto mwenye haraka, nikitaka kukitia uji ukiwa bado unafuka moshi, na mama ananichapa mkono: "Utakiua! Mpaka kidole kivumilie!" Nilikuwa najua, mwanangu. Tangu nina miaka saba nilikuwa najua. Nikasahau mpaka harufu ya kopo iliponikumbusha.

Mtama wa Sinaw! Kile kifuko cha kila Alhamisi! Miaka yote nikimcheka kwamba anakwenda kupiga soga na Mabedui.

Sasa nikwambie la mwisho, ambalo sijamwambia mtu. Mwaka ule wa kwanza hapa Ibra, wale kuchi watano wakiwa wadogo, Khelef alikuja jikoni akaniambia, "Ghanima, chungu chako kinataka kitu." Basi tu. Maneno hayo matano. Nilinuna siku tatu. Nilikuwa mgeni hapa, Kiarabu changu kilikuwa kinawachekesha wanawake wa mtaa, nyumba si yangu, chakula si cha kwetu, kitu kimoja tu nilichokijua kuliko wao wote kilikuwa kile chungu. Nikamwambia, "Kama mama yako anajua zaidi, mlete apike." Mama yake alikuwa amekufa. Nilisema hivyo, Arwa.

Hakuniambia tena. Akawa anachukua chungu kimya kimya, anakwenda kukitia mwenyewe kitu kinachotaka. Na wageni wakija, wakisifu kuku wale, wakisema mashallah ndege gani hawa, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kujibu, "Ni chungu cha Ghanima." Mbele yangu. Na mimi nakaa nimevimba kichwa, namimina kahawa.

Nilikuwa nikiwasikia wewe na yeye mkihesabu huko bandani, masikio yalipokuwa masikio. Nikidhani mnacheza.

Nimeloweka mtama jana. Mpaka uchipue na kukauka, natumia unga wako mweupe, chungu kikishapoa. Kidole kinafika ishirini. Wamebaki makoo saba na jogoo, na joto liko mlangoni. Niombee.

Shangazi yako mjinga,
Ghanima


Nizwa, Jumatano, 12 Februari 2025

Shangazi yangu, shikamoo,

Nimeisoma barua yako mara nne. Juu ya Ami sitaandika leo. Nikianza nitashindwa kurudi kazini.

La kuku ninalo. Mtama ukichipua unatengeneza vimeng'enya wenyewe, ili ule punje yake na kukua. Vingine ni jamii moja na vile nilivyokuletea ndani ya kopo, vya kufungua yale madini ya ganda. Havina nguvu kama vya dukani, ndiyo maana alingoja saa nzima. Hakuna aliyemfundisha joto wala muda. Alikuwa na kidole na hadithi, na hadithi zake zilikuwa ndefu kama inavyotakiwa.

Nimemwambia mkuu wangu hapa kwamba nataka kujaribu kimea kwa kuku hamsini. Akauliza nimeisoma wapi. Nikamwambia Ibra.

Usiatamishe bado. Ngoja wiki tatu, ganda likilia kwa ukucha ndiyo umpe koo. Nakuombea kila swala.

Mwanao,
Arwa


Ibra, Jumamosi, 5 Aprili 2025

Mwanangu Arwa,

Assalaam alaykum na kulla aam wa antum bikheir. Idi yenu ilikuwaje? Umevaa ile nguo ya kijani? Mimi mzima wa afya, alhamdulillah, mzima hata nimeona haya.

Nilifanya ulivyosema. Mwanzo wa Ramadhani niligonga yai kwa ukucha. Mlio sikuusikia, bila shaka, lakini niliuhisi kidoleni. Nikamwita Jumana aligonge naye aniambie kama linalia. Akaitikia kwa kichwa. Nikampa koo mweusi mayai tisa, siku ya saba ya mfungo. Siku ishirini na moja, Arwa, sikutembelea mtu. Nafuturu nimekaa mlango wa banda, tende mkono huu, mkono huu nafukuza paka.

Siku mbili kabla ya Idi nimeingia alfajiri na chungu. Koo kanikunjulia bawa kama mtu anayekukaribisha ndani. Saba! Saba, shingo ndefu tayari, wananitazama kwa dharau kama baba yao. Nimepiga kigelegele peke yangu, jirani wakadhani mwezi umeandama mapema.

Mohannad alikuja Idi na watoto. Alisimama bandani muda mrefu, utepe wake wa kupimia sikuuona. Akanisogelea sikioni akapaza sauti, "Mama, chungu chako bado kina kazi!"

Nikamwambia kaa chini. Akakaa kwenye kigoda cha baba yake, magoti yamemfika kidevuni. Nikamwambia, "Si chungu changu. Baba yako ndiye aliyewalisha kuku hawa, miaka arobaini na mitano, nami sikujua." Nikamweleza yote, la mtama, la kopo, hata lile nililomwambia Khelef jikoni kuhusu mama yake. Mwanamume mzima na ndevu zake akalia siku ya Idi. Halafu akasimama, akaenda kuangalia mlango wa banda, akasema bawaba imelegea na ataleta fundi kuitengeneza kabla ya joto. La ghorofa ya sita halikutajwa, na kabati langu liko pale pale.

Sasa nakunywa chai yangu bandani. Nachukua chungu baada ya alfajiri, natia kidole, nikifika ishirini natia kimea, nafunika kwa gunia, nakaa kwenye kigoda. Saa nzima. Hadithi sina, kwa hiyo nampa habari. Khelef, fulani kazaa. Khelef, maji ya falaji yamepungua. Khelef, chungu kilitaka kitu, nawe ulisema. Kuku wananisikiliza, maskini, wameshazoea kuambiwa maneno. Na chai nimekuja nayo mwenyewe, vikombe viwili, cha pili nakimwagia mche wa ndimu alioupanda.

Nina ombi moja tu. Njoo Ibra kabla ya joto, wiki ijayo ukiweza, bakuli la biriani bado linakungoja. Alfajiri utie wewe kidole kwenye chungu, mimi nimechoka kuhesabu peke yangu. Ukae upande wangu wa kushoto, sikio lile ndilo lina nafuu kidogo, na uhesabu kwa sauti kubwa, mpaka ishirini, kama mlivyokuwa mkihesabu na ami yako. Safari hii nataka kusikia.

Shangazi yako,
Ghanima